Mke Hapandi Lori

Kambi ya Watalii,
Kando ya Ziwa,
Ugenini.

Jumanne, 14 Mei

Wifi yangu mpendwa,

Hujambo? Na goti lako nalo halijambo, linakubali ngazi siku hizi au bado linasusa? Shemeji kikohozi kimemwachia? Mwambie aache ubishi, avae ile sweta niliyomfumia, hata kama mkono mmoja umeuzidi mwenzake. Baridi ya huko kwenu haiangalii mikono ya sweta. Na kitinda mimba wako amepata kazi, au bado anatafuta kazi anayoipenda? Mimi kwa umri wake nilichopenda ni kushiba.

Sisi huku tu wazima wa mwili. Hayo maneno "wa mwili" usiyaruke, wifi, maana barua yote imo humo.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu kaka yako huwa mzima kuliko mimi. Ukipiga anakuuliza habari za yule mbuzi wenu aliyekula mtandio wa mwalimu, mnacheka mpaka machozi, halafu akinirudishia simu unaniambia, "Wifi, mbona yuko sawa?" Na kwa mdomo sikuwezi, unajijua. Nikisema moja wewe umeshasema sita. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Basi mimina chai yako, kaa, usome mpaka mwisho, kisha ndipo ubishe.

Nianze na uzuri, nisije nikaambiwa sina shukrani. Nchi hii ni nzuri kupita kiasi. Ndiyo ile kaka yako aliyokuwa akiipita miaka yote na shehena ya saruji, akirudi ananihadithia, nami niko kwenye cherehani yangu nasema moyoni, haya, mwenzangu anatembea. Sasa nimeiona. Milima imepangana mmoja nyuma ya mwingine mpaka macho yanachoka. Maji yanaanguka kutoka juu ya mwamba, ukisimama ng'ambo ya barabara unalowa uso. Na hili ziwa tuliloegesha kando yake, asubuhi ni la kijivu, mchana ni la buluu, jioni sijui niseme rangi gani, na mimi ni mshonaji, rangi ndiyo kazi yangu. Watu wanatoka mbali kuja kulipiga picha. Mimi nalitazama kama mtu mwenye njaa aliyeonyeshwa ua.

Nyumba yetu ni karavani, yaani chumba chenye magurudumu kinachovutwa nyuma ya gari. Kitanda kikikunjwa kinakuwa meza, meza ikikunjwa inakuwa benchi, na mmoja akitaka kugeuka lazima mwenzake atoke nje. Sinki lake ni bakuli la uji. Kabla hatujaondoka nilishona mapazia mapya, yale ya maua mekundu, nikajiona bibi harusi. Kumbe uzee na ujinga hukaa nyumba moja bila kugombana!

Wazo la safari unajua lilikotoka. Sikulaumu, wifi. Wewe ulisema, watoto wakaitikia, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kufungasha. Ulisema, "Mrudishe barabarani, akili yake aliiacha huko." Na nani angebisha? Mtu ameendesha lori tangu ndevu hazijamwota mpaka zikawa nyeupe, barabara nzima inamjua kwa jina la Taratibu kwa kuwa hakuwahi kukimbizana na mtu. Tukadhani hicho anachokijua zaidi ndicho kitakachoyaita mengine yarudi.

Nyumbani alikuwa akisahau, hilo unalijua hata kama hulisemi. Viatu aliviweka kwenye friji. Aliulizia watu tuliokwisha kuwazika. Siku moja alimsalimia mwanetu mkubwa kwa heshima zote akidhani ni mtu wa kusoma mita. Lakini mimi alinijua. Shika hapo, wifi. Hata siku aliyowasahau watoto, mimi aliniita mama watoto, akaniuliza gauni hili nimelishona lini.

Siku za mwanzo za safari nilikuombea mema, nikasema wifi yangu ana akili. Alikaa nyuma ya usukani na mgongo ukanyooka. Kona zote anazijua. Hapa palikuwa na mzee wa kuziba pancha, pale pana daraja jembamba, kule usitie breki kwa ghafla maana lami inateleza. Alipiga miluzi. Nilikaa kando yake na thermos ya chai mapajani, nikalia kwa furaha kama mjinga.

Siku moja tukafika mahali pa kuegesha penye mteremko, akaniambia bila kunitazama, "Kigingi, shuka uweke jiwe." Nikacheka. Unamkumbuka Kigingi, yule utingo wake, bwana mfupi wa kofia, aliyekuwa akishuka kuweka gogo nyuma ya gurudumu na kumwongoza akirudi nyuma. Walikaa kebini pamoja miaka mingi kuliko sisi tulivyokaa sebuleni. Mungu amrehemu, kaka yako mwenyewe ndiye aliyemshusha kaburini. Nikadhani ni utani. Nikashuka, nikaweka jiwe, nikaongoza kwa mikono, "Njoo, njoo, njoo, basi!" Tukalala.

Kesho yake nikawa Kigingi tangu asubuhi. Keshokutwa vilevile. Nikamwambia mimi ni mkeo, akatabasamu kama mtu anayevumilia mzaha wa kazini. Hapo ndipo baridi iliponiingia, wifi, nikaanza kuelewa tulichokifanya.

Kanuni yao unaikumbuka? Mke hapandi lori. Kampuni ilikataza abiria, na wao madereva wakaongeza ya kwao, kwamba mke akikaa kebini mzigo humwagika. Hakuwahi kunichukua hata mpaka sokoni, mvua inyeshe isinyeshe. Kebini mna watu wawili tu, dereva na utingo. Mke yuko nyumbani. Basi sisi na akili zetu tumemtoa nyumbani, mahali pekee ambapo mke yupo, tukamrudisha mahali ambapo mke hawezi kuwapo. Angekuwa anasahau tu, ningesema ni maradhi. Lakini hili, wifi, tumelifanya kwa mikono yetu, tena kwa kupigiana vigelegele kwenye simu.

Sikukubali upesi. Mimi na wewe tumefanana kwa ukaidi, ndiyo maana tunapendana kwa shida. Asubuhi moja nikavaa lile gauni la kijani, analolipenda, nikajipaka mafuta, nikatia na hereni. Nikapanda mbele nikamwambia kwa sauti, "Nitazame vizuri. Mimi si Kigingi. Mimi ni mkeo." Alinitazama, kweli. Akaendesha kidogo, akafika mahali pale juu mlimani ambapo watalii husimama kutazama bonde, akaegesha vizuri, akazunguka akanifungulia mlango. Akanishika mkono nishuke. Akaniambia kwa adabu kabisa, "Samahani mama, hii gari haichukui abiria. Utapata nyingine hapa hapa." Akapanda, akaondoka na karavani yake. Mapazia ya maua mekundu nikayaona yakiishia kwenye kona.

Nilisimama pale na gauni langu. Kulikuwa na watu wanapiga picha, mmoja akaniomba nisogee kidogo nisiharibu mandhari. Nikasogea. Ningefanya nini? Uzuri wote ule chini yangu, mto unang'aa, mashamba ya maua ya manjano, na mimi natamani ardhi ipasuke. Hasira haikuja, wifi, hata nilipoitafuta. Aliniteremsha kwa upole mno. Hivyo ndivyo anavyowatendea wanawake asiowajua.

Dereva wa gari la mikate ndiye aliyenisaidia. Hakuuliza mengi, alinikatia kipande cha mkate na kukanyaga mafuta. Tulimkuta kaka yako kwenye mizani, pale malori yanapopimwa uzito. Amejipanga foleni, wifi. Malori mbele, malori nyuma, na katikati yao kikaravani chetu na mapazia yake, na yeye ndani ametulia anasubiri zamu yake. Madereva walikuwa wanacheka, lakini si kwa ubaya. Karani wa mizani, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuamrisha, alikuwa ameshaelewa. Alimpima kama wanavyopimwa wenzake, akamwambia, "Uzito wako uko sawa, Mzee Taratibu." Hata yeye alilijua lile jina. Kaka yako akamshukuru. Kisha akaniona na gauni langu la kijani likiwa na unga wa mikate, akasema, "Kigingi, ulikuwa wapi muda wote huu? Nimepanga foleni peke yangu!"

Tangu siku hiyo navaa suruali yake na kofia. Gauni nimelikunja chini ya godoro. Naweka mawe, naongoza gari likirudi nyuma, nachemsha chai, naitika "naam, dereva." La kuvunda halina ubani.

Na Kigingi anaambiwa mambo, usifanye mchezo. Nimejua kwamba mchuzi wangu una chumvi nyingi na amevumilia tangu siku ya kwanza ya ndoa. Mwanaume huyu! Si angesema tu? Nimejua kwamba wewe dada yake ndiye uliyemfundisha kupiga miluzi, na kwamba anakuogopa, hilo halikunishangaza. Lakini mengi anayoyasema ni ya mkewe. Anamwambia Kigingi kwamba akifika kwenye kona ya kwetu na kupiga honi mbili, huwa anajiuliza kama safari hii mlango utafunguliwa. Anasema, "Yule mama anajitosha, bwana. Ana cherehani yake, ana watoto wake. Sijui kwa nini ananifungulia." Mimi nilikuwa nafungua kabla hajabisha, wifi, kwa sababu tangu alfajiri masikio yangu yalikuwa kwenye ile kona. Nilidhani anajua.

Ningetaka kumwambia. Nikafungua mdomo, ikatoka sauti ya Kigingi. Nikasema, "Anakupenda, dereva." Akasema, "Wewe utajuaje? Hujaoa."

Namwonea wivu yule mke wake. Umewahi kusikia kichekesho kama hicho? Namwonea wivu mwanamke ambaye ni mimi. Yeye yuko nyumbani, anasemwa vizuri, anaogopwa, anatamaniwa. Mimi niko hapa na kofia inayowasha.

Jana tulikaa mbele ya karavani, ziwa likiwa katika ile rangi yake isiyo na jina. Alimaliza chai yake. Kisha akasema, "Kigingi, safari ijayo namleta mama watoto aone hapa." Maneno hayo nimeyasikia ujana wangu wote. Safari ijayo, safari ijayo. Nilikuwa nayachukulia kama ya kumtuliza mtoto. Sasa nimeyasikia yakisemwa mahali ambapo mimi sipo, hakuna wa kumtuliza, na nimejua kwamba alikuwa akiyasema kweli. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti kando yake. Bega langu linamgusa. Wifi, niliingia ndani nikajifunika mto usoni, nikalia mpaka nikakosa pumzi, maana amenileta, na mimi sikuja.

Nimekata tamaa. Naliandika wazi ili usije ukasema hukuambiwa. Usinipigie kuniambia yuko sawa, wala usinipe methali, ninazo za kutosha. Nataka kitu kimoja tu katika dunia hii, anijue. Sisemi kila siku. Mara moja tu, aniite mama watoto, aniulize gauni hili nimelishona lini.

Tunarudi keshokutwa. Kuendesha kwake kumekuwa kwa hatari, mikono inajua lakini kichwa kinatafuta ghala la kushushia saruji katika kila mji. Kumpokonya funguo sikuweza, angejiona amefukuzwa kazi. Yule karani wa mizani ndiye aliyetuokoa. Leo mchana alikuja hapa kambini na sare yake, akamwambia kwa sauti ile ya kuamrisha kwamba saa zake za kuendesha zimepita kiwango, sheria inataka dereva mwenzake ashike usukani mpaka mwisho wa safari. Kaka yako hajawahi kuvunja sheria ya barabara. Alitoa funguo mwenyewe, akauliza tu kama dereva huyo anajua kutelemka mlima. Ni fundi wa magari wa hapa kambini, kijana wa watu, ana mke na watoto. Anajua.

Sasa sikiliza nilichopanga, na usicheke.

Kigingi alikuwa na desturi yake. Wakirudi, alikuwa hafiki kwetu. Alishuka pale kwenye kona, anachukua kifurushi chake, anasema "Haya dereva, msalimie mama," anakwenda kwa watu wake. Kaka yako alikuja mpaka mlangoni peke yake. Basi nami nitashuka kwenye kona. Nitasema haya dereva, msalimie mama. Nitapita nyuma ya uzio wa jirani, niingie kwa mlango wa jikoni, nivue kofia na suruali, nivae gauni la kijani, nisimame nyuma ya mlango wa mbele. Fundi nimemwambia asubiri kidogo kabla ya kupiga honi, magoti yangu nayo si ya kukimbia. Zikilia honi mbili, nitafungua kabla hajabisha.

Katika kichwa chake kilichobaki, mke ana mahali pamoja tu, nyuma ya ule mlango. Huku njiani nimemtafuta kwa kila namna. Nikifungua mlango ule naye asinijue, wifi yangu, sina tena mlango mwingine wa kumfikia.

Naogopa. Nimeukunjua mkunjo wa gauni, nimeunyoosha kwa sufuria ya maji ya moto kwa kukosa pasi. Na nyumba yenyewe anaweza asiijue, hilo nalo nimelifikiria. Sijui nitafanya nini. Sina mpango wa baada ya hapo.

Msalimie sana shemeji na kikohozi chake. Msalimie mwanao wa kwanza na mkewe, na wale mapacha wao wabusu mashavu kwa niaba ya bibi yao. Kitinda mimba mwambie kazi haitafutwi kwa kulala. Jirani yako yule mpole, aliyenipa kitambaa cha pazia nilipokuja, mwambie bado ninacho.

Kaka yako naye anakusalimu. Ameniona naandika, akauliza naandikia nani. Nikamwambia, dada yako. Akafurahi. Akasema, "Mwambie atume salamu na kwa mke wangu. Amwambie niko njiani, asifunge mlango." Basi wifi, usihangaike kuzituma. Zimeshafika.

Mungu akuweke, aliponye goti lako, na akujalie uzee wa kujua na kujulikana. Ukiomba usiku huu, niombee mlango.

Ni mimi wifi yako akupendaye hata unapobisha,

Mama watoto wa kaka yako,
kwa leo Kigingi.